Siku ya Tatu

Mwezi wa Desemba, juu ya meza yetu ya chakula hapa Kahama, karatasi mbili zilikaa wiki tatu zikiwa zimekandamizwa na chupa ya chai zisipeperuke. Moja ilikuwa fomu ya kuomba mafao ya uzeeni. Nyingine ilikuwa barua ya ajira kutoka mgodi wa dhahabu wa Afrika Magharibi, katika nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, kurasa sita, upande mmoja Kifaransa na upande wa pili Kiingereza. Mke wangu akitaka kufuta meza aliziinua, akafuta, akazirudisha palepale. Hakusema neno.

Februari natimiza miaka 55. Kwa umri huo sheria inaniruhusu kustaafu kwa hiari. Nikitaka naweza kujikaza hadi 60, umri wa lazima. Barua ya kule ilitaka jibu lisipite tarehe 20: mkataba wa miaka miwili, wiki nane kazini na wiki nne nyumbani, tiketi ya ndege juu yao, mshahara mara tatu ya ninaoupata. Watu waliniuliza, nami niliwajibu upesi, kisha nikagundua kuwa majibu yangu hayafanani. Kwa vijana wa mgodini nilisema naenda. Kanisani nilisema nimechoka, napumzika. Mtu anayejibu hivyo hajaamua, na mbaya zaidi, bado hajaliangalia vizuri swali lenyewe.

Mimi ni mchorongaji. Nafanya kazi chini, kama tunavyosema, yaani ndani ya ardhi, nikiendesha mtambo wenye mikono miwili ya chuma inayotoboa matundu kwenye fesi, ule uso wa mwamba ambako njia imeishia. Nikimaliza, wenzangu wa baruti huyajaza, sote tunaondoka, mwamba unalipuliwa, na kesho yake njia imesogea mbele mita chache. Kabla ya kushuka kila mmoja hutundika tagi yake kwenye ubao, na akipanda huiondoa. Kabla ya kulipua, msimamizi huusoma ubao. Tagi moja ikibaki, hakuna anayegusa kitufe mpaka mwenye tagi apatikane. Maana yake ni kwamba katika miezi yangu yote ya kazi, kila shifti, kuna mtu aliyehakikisha kuwa niko hai. Nililiona hilo kuwa jambo la kawaida mpaka nilipoishika fomu ya mafao. Juu ya ardhi hakuna ubao wa namna hiyo, na hofu ya kustaafu ambayo wanaume wa kazi yangu hawaisemi nadhani ndiyo hiyo hasa.

Neno ekspati nililijua kabla sijajua pasipoti ni kitu gani. Nimezaliwa Kishapu, upande ambao zamani mtu akitoka nje usiku aliona taa za mgodi wa almasi wa Mwadui zikiwaka kwa mbali, na huku kwetu giza. Ndani ya uzio kulikuwa na umeme, hospitali na nyumba za bati zenye bustani. Nje kulikuwa na mtama na vumbi, na wabeshi, wale wanaoingia usiku kuchekecha mchanga wakitafuta kijiwe kimoja cha kubadilisha maisha. Wazee wetu walipomsimulia Dakta Williamson walimsimulia kama mtu wa hadithi, lakini mambo yenyewe yameandikwa. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyesomea Chuo Kikuu cha McGill, alitafuta miaka mingi bila pesa, na mwaka 1940 akaupata mwamba wa kimbalaiti wa Mwadui, hekta 146, mmoja wa mikubwa kabisa duniani kati ya ile inayochimbwa. Mwaka 1947 pale pakatoka almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya harusi, ikachongwa, ikabaki karati 23.6. Mwenyewe hakuoa. Alifia Mwadui Januari 1958, akiwa na miaka 50.

Utotoni nilidhani ekspati ni mtu asiye na kwao. Hakuna mzee aliyewahi kutuambia huyu Mkanada alimwacha nani Quebec, nani alimsubiri, na mama yake aliandikiwa barua ngapi. Alikuwa mtu wa kazi tu, ameota pale kama jiwe lenyewe. Siku hizi namwazia tofauti. Naona mtu aliyepata alichokitafuta akiwa na miaka 33, akabaki nacho, na siku ya kwenda nyumbani haikufika. Miaka 50 si umri wa kufa, na mimi nimeshaupita.

Nilipoanza kazi mwaka 2002 maekspati walikuwa wengi: Waaustralia, Waafrika Kusini, Wakanada. Wao ndio walioendesha mitambo mikubwa, nasi tulibeba mabomba na kufukia matundu yaliyokosewa. Kwenye kantini meza zao zilijitenga zenyewe bila mtu kuchora mstari. Halafu akaja Mghana. Mweusi kuliko mimi, mpole, amefanya kazi chini miaka 19, na kwenye orodha ya mishahara yuko upande wa wageni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchoronga. Alinishika mkono, akaniwekea kiganja kwenye chuma, akaniambia nisikilize kwa mifupa kwa sababu masikio yatanidanganya. Siku hiyo nilielewa kwamba ekspati si rangi. Ni mtu mwenye ujuzi aliye mbali na kwao. Nikaanza kuutamani umbali huo.

Kisha nchi ikabadilika. Mgodi wa Tulawaka, kule Biharamulo, wenyewe wakauacha 2013. Machi 2017 serikali ya Rais Magufuli ikazuia makinikia kusafirishwa nje, na mtikisiko wake ukafika hadi kwenye maduka ya Kahama yanayouza unga kwa mkopo. Kanuni za mwaka 2018 zikataka kila nafasi ya mgeni iwe na mpango wa Mtanzania atakayeirithi. Januari 2020 Barrick na serikali wakatia saini makubaliano ya kampuni ya ubia ya Twiga, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa. Buzwagi, uliofunguliwa 2009 nje kidogo tu ya mji wetu, ukasimamisha uzalishaji 2021. Leo pale panaitwa eneo maalumu la kiuchumi. Katikati ya hayo yote wageni walipungua, sisi tukapanda kwenye viti vyao. Na jambo ambalo wengi hawakulitarajia likatokea: Mtanzania aliyerithi kiti cha ekspati akawa yeye ndiye anayetakiwa nje. Leo ukienda kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Kahama au Geita mjini utamkuta mtu ambaye shemeji yake yuko Kongo, Zambia, Guinea au Saudia, anachoronga, anafundisha kuchoronga, au anatengeneza mitambo ya kuchoronga.

Kwa hiyo barua iliyokaa chini ya chupa yetu ya chai haikuwa ya ajabu. Ilikuwa zamu yangu.

Nianze na pesa, kwa sababu anayeandika juu ya kustaafu akaziruka pesa anawaonea wasomaji wake. Nilikokotoa mwenyewe usiku, kwa kalamu. Unachukua idadi ya miezi uliyochangia, unaigawa kwa 580, unaizidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora. Miezi yangu, ukiondoa miaka niliyokaa bila kazi, ni 240. Wastani wangu ni shilingi 34,800,000 kwa mwaka. Inatoka 14,400,000, na hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kipande chake hulipwa kwa mkupuo. Kikokotoo cha Julai 2022 kilisema asilimia 33, na baada ya kelele nyingi za wafanyakazi bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 35 kwa sisi wa kundi langu. Kipande hicho kinazidishwa kwa miaka 12 na nusu, napata 63,000,000. Asilimia 65 inayobaki inanipa 780,000 kila mwezi, mpaka nife. Mshahara wa miaka miwili wa kule, bila kugusa hata senti ya mafao, ungeuzidi mkupuo huo zaidi ya mara tatu.

Hapa lazima niseme jambo. Mwaka 2012, habari ziliposambaa kwamba fao la kujitoa limefutwa, wafanyakazi wa migodini ndio waliopaza sauti kuliko wote, na wengi wa mijini walituona watu wenye tamaa, watu wanaotaka kula mbegu. Hawakuielewa kazi yetu. Sheria ya hifadhi ya jamii imeandikwa kwa ajili ya mtu anayeajiriwa akiwa na miaka 25, akakaa ofisi moja mpaka mvi. Mtu wa mgodini huajiriwa na mkandarasi kwa miaka miwili, mkandarasi anaondoka, unakaa nje mwaka mmoja na nusu, anakuja mwingine. Umwambie mtu wa miaka 33, mwenye mgongo ulioshaanza kulalamika, asubiri fedha yake mpaka 55? Baadaye likaja fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, na ni bora kuliko hakuna. Hata hivyo sikubali kwamba tulikosea kupiga kelele. Ninachokubali, tena kwa uchungu, ni kwamba niliwaona waliochukua zao zote kabla ya mlango kufungwa. Walinunua gari dogo la abiria, wakafungua baa, wakarudi mgodini ndani ya miaka miwili kuomba kazi ileile. Waliniuma, maana wote walikuwa vijana wazuri.

Pesa basi zilisema nenda. Mwili ulisema lake. Mwezi wa Oktoba nilipimwa masikio, nikaonyeshwa mchoro: mstari unaanza vizuri upande wa sauti nzito, halafu unaporomoka kama mtu aliyejikwaa. Sauti nyembamba zimeondoka. Daktari, binti mwenye umri wa mwanangu, aliniuliza kwa upole ni ndege gani nawasikia asubuhi. Nilifikiri, nikakosa jibu. Sikuwa nimegundua kwamba ndege wamenyamaza.

Nilimpigia rafiki yangu aliye Kibali, kaskazini-mashariki ya Kongo, karibu na Watsa, ambako mgodi mkubwa umekuwa ukizalisha tangu 2013. Anapitia Entebbe, anaruka na ndege ndogo juu ya msitu, anakaa wiki zake, anarudi. Tulianza pamoja, tumekula michembe kutoka mfuko mmoja. Nilimtarajia aniambie juu ya chumba chenye kiyoyozi na intaneti. Akaniambia kitu kingine.

"Kaka, Kiswahili kinanisaidia, wanakijua, ingawa chao kina Kilingala ndani. Lakini kuna mzee mmoja anauza ndizi karibu na geti. Ananiita patron. Nimemwambia baba, mimi mtoto wa mkulima wa pamba, usiniite hivyo. Anacheka, kesho ananiita tena. Ananiangalia vilevile mimi nilivyokuwa namwangalia Mkanada."

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama naikumbuka Bulyanhulu ilivyokuwa. Alikuwa na maana ya Agosti 1996, wachimbaji wadogo kwa maelfu walipoondolewa ili mgodi mkubwa uje, maduara yao yakafukiwa, wakatawanyika na magodoro vichwani kuelekea Nyarugusu, Rwamgasa na kila mahali palipovuma rashi mpya. Kule aliko pia kuna wachimbaji wadogo nje ya uzio. "Mimi niko ndani," alisema. Hakulalamika. Kazi ni nzuri, anasomesha watoto wanne. Alinieleza tu mahali aliposimama, na nikaona kwamba nilikuwa sijawahi kujiuliza nitasimama wapi.

Sitaki kueleweka vibaya. Wapo watu wanaosema kwenda nje ni kuisaliti nchi, hasa uzeeni. Maneno hayo yananikera, na yanatoka kwa watu wasiojua historia ya kwao. Sisi Wasukuma tumekuwa tukihama siku zote. Geita yenyewe ilikuwa ng'ambo. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, ikahimiza watu wa maeneo yaliyojaa wavuke kwenda magharibi, kwenye misitu yenye mbung'o. Mdogo wake babu alikwenda na ng'ombe kumi na mmoja, na kijijini wakamlilia kama marehemu. Leo wajukuu wake ni wenyeji wa Geita, wana mwalo wao wa kuoshea dhahabu, na wanaona Kishapu ni mahali pa kwenda kuzikia wazee. Kusini, watu wa nyanda za juu walichukuliwa na Wenela, wakala wa kuajiri wachimbaji, kwenda kuchimba dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka Tanganyika huru ilipolipiga marufuku jambo hilo. Waliorudi walirudi na baiskeli, mabuti na kikohozi. Kwenda mbali kutafuta riziki hakuhitaji kuombewa radhi.

Wala sikuogopa hatari, ingawa ipo. Januari 2025 kazi zilisimama Loulo-Gounkoto, mgodi mkubwa wa Mali, kwa sababu ya mvutano kati ya kampuni na serikali, na maelfu wakabaki wanasubiri. Sisi wa Kahama tuliielewa habari ile bila mkalimani. Tumeshaiishi.

Kilichonizuia kilikuwa kidogo, na nilikipata nyumbani kwa mama.

Mama yangu ana miaka zaidi ya 80 na bado analima. Nikienda Kishapu, utaratibu haubadiliki. Nashuka Maganzo, nachukua bodaboda, nafika jua likiwa limeinama. "Mwadila, mayu." Anaitikia, anaingia ndani, anatoka na kiti chenye mgongo, kile kimoja. Anamtuma mtoto akamate kuku. Chai inakuja kwenye kikombe cha maua ambacho siku nyingine hukaa kabatini. Nalala kitandani kwenye shuka jipya. Kesho yake tunazungumza, naacha pesa, majirani wanakuja kunisalimia, na keshokutwa asubuhi naondoka. Siku mbili, kwa miaka 23, kwa sababu wiki yangu ya mapumziko ina mke ndani yake, na watoto, na mabati ya kupaua, na misiba.

Msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kila mtu anaujua. Sisi huucheka kwa kumfikiria mgeni mvivu. Sikuwahi kuufikiria kutoka upande wa yule ambaye hajawahi kufika siku ya tatu, tena kwa mama yake.

Na kuna ngitili. Nyuma ya boma letu kuna ekari kama saba za majani na migunga ambazo baba alizifunga mwishoni mwa miaka ya themanini. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipita Shinyanga, akaona jinsi nchi ilivyobaki vumbi na mashina, akauita mkoa wetu jangwa la Tanzania. Miaka miwili baadaye ukaanza mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI. Nilikuwa mvulana wa miaka 15, nikabeba miche. Lakini miti iliyoirudisha Shinyanga kwa kiasi kikubwa haikutoka kwenye vitalu. Mradi uliwasikiliza wazee, ukawarudisha watu kwenye ngitili, desturi yao wenyewe. Mvua zikianza, kipande hufungwa. Ng'ombe haingii hata kama majani yanamwita. Yanakua, yanakauka yakiwa wima. Julai au Agosti, malisho yote mengine yakiisha, ndipo pale hufunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe wenye maziwa na kwa wale wa plau. Mpaka mradi ulipofungwa mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamefunikwa tena, na nyuki wakarudi.

Nilizoea kusema pensheni ni ngitili ya mtu wa mgodini. Ni ulinganisho mzuri na nimeutumia kuwahubiria vijana: msilishe yote masika. Desemba hii, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti chenye mgongo, niliona mahali unapovunjika. Ngitili hailindwi na uzio. Nzengo ndiyo inayoilinda. Ni majirani wanaojua mpaka unapita wapi, na wanaomtoza faini anayechungia humo kabla ya wakati. Baba alipofariki waliendelea kuilinda kwa ajili ya mama. Wanamjua mama. Mimi wananisalimia kwa heshima, wananiita mheshimiwa. Sina nzengo. Nina namba ya uanachama na miezi 240.

Ndipo swali lililokuwa mezani Kahama likanibadilikia. Nilikuwa nimelipanga hivi: nibaki nyumbani nipumzike, au niende ugenini nichume. Kumbe nimeshakaa ugenini miaka 23, kilomita 150 kutoka nilikozaliwa. Nilikula chakula cha kambi, nikalala kwa saa za kambi, nikazungumza Kiingereza cha redio ya mtambo hadi ndotoni. Nikienda Afrika Magharibi nitabaki katika nchi niliyoizoea, ile ya ndani ya uzio, na nitaijua tangu siku ya kwanza: ubao wa tagi uko wapi, kantini iko wapi, nani nimwogope. Nchi ambayo sijawahi kuishi ndani yake ni hii ya nje. Kustaafu ndiko kusafiri kwenyewe.

Nilirudi Kahama, nikamwambia mke wangu hayo kwa maneno mengi kuliko haya. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua, halafu akasema neno lake la kwanza juu ya zile karatasi.

"Baba watoto, mimi nimeolewa na mtu wa wiki moja. Yule mtu nampenda, nimemzoea, na akiondoka najua namna ya kukaa. Huyo wa kila siku simjui. Labda tutagombana. Lakini nataka nimjue angali ananisikia."

Nikamwuliza, na zile pesa?

"Pesa ni nyingi," alisema. "Sikudanganyi. Nimeziwaza kila siku nikifuta meza."

Sijui kama mwanamke mwingine angekuwa mkweli kiasi hicho. Alikuwa ameshazigawa: ada ya kitinda mimba wetu, kisima, kuta za duka. Tulikaa tukazigawa tena wote wawili, moja moja, tukiona nini kitafanyika kwa 63,000,000 na nini hakitafanyika kamwe. Kisima kitafanyika. Duka litabaki la mbao. Ada tutaibana. Haikuwa saa ya furaha, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba moyo uliponiambia cha kufanya hesabu zilinyamaza. Mpaka leo kuna usiku naamka nikizidisha mshahara wa kule kwa miezi 24.

Tarehe 16 nilirudi Kishapu, mara ya pili mwezi huohuo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kiti, kuku, kikombe cha maua. Usiku wa pili mvua ikanyesha kama inavyonyesha kwenye mbuga zetu, udongo mweusi ukawa uji, na asubuhi hakuna bodaboda iliyothubutu kutoka. Ilikuwa siku ya tatu. Niliamka nikasikia, au labda nilihisi tu, mtu anatembea nje. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameikaza kiunoni.

"Ng'wanone," alisema kwa sauti ya juu, kwani ameshajua habari ya masikio yangu. "Jembe liko nyuma ya ghala. Mpini umelegea, uutazame kwanza."

Nililikuta. Nikachonga kabari, nikaigonga kwa jiwe, nikamfuata. Tulikuwa tunapandisha matuta ya viazi. Yeye huenda taratibu bila kusimama. Mimi nilienda kwa nguvu, nikasimama, nikaenda, nikasimama. Saa nne kiganja kilikuwa kimechubuka, kiganja kilekile kilichoshika chuma miaka yote. Siku ya nne tuliendelea.

Siku iliyofuata ilikuwa tarehe 20. Saa sita mchana nilipanda kichuguu kilicho mwisho wa shamba, ambako mtandao unashika, nikampigia wakala wa ile kampuni. Nilimshukuru, nikamwambia sitakuja. Alikuwa mstaarabu, akaniuliza kama ni suala la mshahara, kwamba pengine wangeweza kuongeza. Nikamwambia hapana, si mshahara. Hakuuliza zaidi, akanitakia maisha mema kwa Kifaransa.

Nilipoteremka mama alikuwa amenyooka, mkono mmoja kiunoni.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Watu wa kazi, mayu."

"Wanakuita lini?"

"Hawaniiti."

Alinitazama kwa muda. Kisha akatazama tuta nililokuwa nimelipandisha tangu asubuhi, kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

"Limepinda," alisema. "Anza tena kule kwenye mgunga."